Breki za Nyigu

Kwanza niweke jambo moja wazi, kwa sababu maneno yamezunguka mno: sikugonga mtu. Niligonga mchanga. Lundo la mchanga wa ujenzi, laini, lililomwagwa kando ya barabara chini ya mteremko na mtu ambaye mpaka leo namwombea heri. Pembeni yangu alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na yeye ndiye aliyeshuka na mchanga hadi kwenye nywele akawatangazia wapita njia kwamba tumefufuka. Tunamwita Redio. Mdomo wake hauna breki. Siku ile na gari langu halikuwa nazo, basi wakakutana.

Gari lenyewe ni la spoti. Milango miwili, rangi ya manjano, fupi kwa kimo, na mlio wake ulifanya watoto wa mtaani waliite Nyigu hata kabla sijamaliza kuliegesha siku ya kwanza. Nililinunua nikiwa na miaka hamsini na saba. Mkunga mzima, bibi wa wajukuu wanne! Watu walitegemea ninunue gari la viti saba, la kubebea wajukuu na magunia. Sikutaka. Baba watoto alikufa barabarani akiwa abiria, amekaa zake kimya kwenye gari la rafiki yake, breki zikakataa. Nikala kiapo kwamba sitapanda tena gari ambalo breki yake iko chini ya mguu wa mtu mwingine. Miaka ishirini nilikitimiza kiapo hicho kwa kutembea, maana kliniki ilikuwa mtaa wa pili. Nilipohamishiwa kliniki ya bondeni, chini kabisa ya mlima wetu, nikajifunza kuendesha. Na kama ni kuendesha, basi niendeshe kitu ninachokipenda. Kuna dhambi hapo?

Kosa lilikuwa moja tu. Kadi ya gari iliandikwa jina la mwanangu.

Huyu ni kifungua mimba wangu, ana miaka thelathini na nne, na ndiye aliyeshughulikia makaratasi yote ya ununuzi kwa sababu mimi makaratasi yananipa homa. Anafanya kazi kampuni ya bima. Kazi yake ni kwenda kuyatazama magari yaliyogongana, kupima alama za matairi kwa futi, na kuandika nani alichelewa kukanyaga breki. Ndugu zake wanamwita Mkaguzi. Kijana mzuri, mpole, lakini mpole wa kukera: akishaamua jambo hapandishi sauti, anarudia tu maneno yale yale mpaka uchoke.

Alikuja asubuhi ya kesho yake, baada ya siku ya mchanga, Redio akiwa ameshamaliza taarifa ya habari kwa ukoo mzima. Hakuketi.

"Mama, gari linauzwa."

"Nani anauza?"

"Mimi. Kadi ina jina langu."

"Ebo! Jina lenyewe alikupa nani?"

"Mama, gari linauzwa."

Nilimpa za uso. Nilimwambia nimekuzaa mimi, hukunizaa wewe. Nilimwambia siku nitakayohitaji baba nitamtafuta wa rika langu. Akasikiliza yote, ameshika funguo zake mwenyewe mkononi, kisha akasema kitu kimoja. "Baba nilikwenda kumtambua mimi, Mama. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sitaki kwenda mara ya pili."

Nifanyeje sasa? Hasira ikanishuka hadi miguuni. Lakini kuachia gari langu, hapana. Nikaona bora nibishane kwa heshima. Tukavutana mpaka tukafika mahali: anipe wiki mbili nilitengeneze. Jumamosi ya pili atakaa pembeni yangu, nimteremshe kutoka mlangoni kwangu hadi kliniki. Popote atakaposema simama, gari lisimame. Moyo wake ukitulia, kadi atanihamishia. Usipotulia, mteja atakuwa anangoja getini kwa kliniki, na Nyigu ataondoka na mteja siku hiyo hiyo. Mteja alikuwa ameshapatikana! Mtoto huyu angekuwa mwepesi hivyo kuniletea dawa ya magoti ningeshapona.

Niwaambie basi jinsi nilivyoanza, na mwenye kucheka acheke. Nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la spea, lile linaloning'iniza usukani ukutani kama picha za ukoo. Muuzaji anaitwa Dokta, kwa sababu risiti zake hakuna anayeweza kuzisoma. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka mjadala, "Nataka pedi za breki kali. Kali kuliko zote ulizonazo."

"Kali, Mama?"

"Kali! Hujui maana ya kali?"

Dokta alijua. Akapanda ngazi, akashusha boksi jekundu lililochorwa moto pande zote nne. Nilipouona ule moto nikaridhika kabisa.

Fundi wangu ana karakana ya bati nyuma ya kiwanda cha magodoro, yeye peke yake, hana mtu wa kumsaidia, na kila spana ina msumari wake ukutani. Jina lake la kazi ni Taratibu. Mimi ndiye niliyempokea duniani kwa mikono yangu miwili. Alikuja miguu mbele, na alichukua muda wake. Alipolifungua boksi akalisoma lote, mbele na nyuma, kisha akazigeuza zile pedi kiganjani.

"Mama Mkunga, hizi ni za mashindano."

"Nimeomba kali."

"Ni kali, ndiyo. Lakini ukali wake unaamka zikishapata moto. Zikiwa baridi zimelala. Mtu wa mashindano anazipasha kwanza. Wewe asubuhi unatoka nyumbani unakwenda kazini."

"Nimekupokea miguu mbele, leo unanifundisha?"

Akachukua spana. Akazifunga. Alipomaliza akapangusa mikono, akasema, "Tayari, Mama. Ila nimesema." Sote tunajua lile neno "ila nimesema." Mtu akikuambia hivyo, chukua kalamu uandike tarehe.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ubaridi wa mvua ya usiku. Nikawasha, nikashuka kichochoro chetu polepole tu, mwendo wa kuendea sokoni. Mwisho wa kichochoro ni barabara kubwa, na pale pembeni mwenye duka hupanga kreti zake tupu za soda. Nikakanyaga breki. Nyigu akaendelea na safari. Nikakanyaga kwa nguvu zote, nikasimama karibu wima kwenye kile kipedeli, na gari likasimama, ndiyo, lakini lilisimama baada ya kupita kwenye kreti. Kreti kumi na nane. Chupa za soda zina sauti moja mbaya sana saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Madirisha yakafunguka mtaa mzima. Mwenye duka akatoka na mswaki mdomoni. Na Mungu anavyonipenda, Redio alikuwa pale pale, amekuja kununua mkate.

"Sikio la kufa!" akapiga kelele, ameshika kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Kabla sijamaliza kuokota vipande, simu ililia. Mkaguzi. Hakuuliza kulikoni. Alisema tu, "Mama, mteja nimemthibitishia Jumamosi ya wiki ijayo," na akanitakia kazi njema. Nililia siku ile, sitaficha. Nilijifungia stoo ya kliniki kati ya maboksi ya pamba nikalia, kisha nikanawa uso nikaenda kuzalisha pacha.

Kurudi kwa Taratibu ilikuwa kazi kuliko kuzaa. Nilizunguka kile kiwanda cha magodoro mara mbili kabla ya kuingia. Mwishowe nikajikaza kisabuni. Nikasimama mlangoni na mkoba wangu, nikamwambia, "Mwanangu, nimekosa. Uliniambia ukweli nikakuletea miaka yangu."

Angeweza kucheka. Mimi ningecheka! Yeye akavuta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kitambaa safi, akaniketisha. "Sasa niambie unavyoendesha," akasema.

"Unataka kujua nini? Naendesha kama watu."

"Kilomita ngapi kwa siku? Kituo chako cha kwanza asubuhi kiko wapi? Unabeba nani? Kwenye mteremko unatumia gia ya ngapi?"

Akauliza moja baada ya moja, akaandika kwenye daftari, bila haraka. Ni maswali ninayomuuliza mjamzito siku ya kwanza: mimba ya ngapi, unalala vizuri, miguu inavimba. Sikumwambia, lakini hapo ndipo nilipoanza kumheshimu yule mtu kama mtu na si kama mtoto niliyempokea.

Tulipofika kwenye mteremko akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo unakanyaga breki kutoka juu mpaka chini?"

"Bila kuachia hata mara moja. Mimi ni mwangalifu."

"Mama, huo uangalifu ndio uliowapeleka mchangani."

Nikataka kufoka. Nikakumbuka kreti.

Akanionyesha. Akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akavuta kidogo kwa bomba la sindano, akayamimina kwenye kikombe cheupe. Yanatakiwa yawe na rangi ya asali. Yangu yalikuwa meusi, chai ya jana. Mafuta yale, alinieleza, hunywa unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yangu hayakuwahi kubadilishwa tangu gari lizaliwe. Mimi nakanyaga mlima mzima, breki zinawaka moto, yale maji yaliyomo ndani ya mafuta yanachemka, yanakuwa mvuke. Mguu wako unabana mvuke badala ya kubana gurudumu. Ndiyo maana siku ya mchanga kipedeli kilizama kama nimekanyaga godoro.

"Na hili ni gari lenye mbio," akasema. "Kiwandani waliliwekea injini kubwa na breki za kawaida. Tutaziongezea nguvu, lakini nguvu ya kwenda kazini. Siyo ya mashindano."

Akaniandikia orodha, kwa mwandiko unaosomeka. Diski nne mpya, za mbele kubwa kuliko zile za mwanzo pamoja na vishikio vyake vya kubania pedi, kwa sababu alikwisha kupima akaona rimu zangu zina nafasi. Pedi za barabarani, zile zinazoshika tangu asubuhi zikiwa baridi na hazilalamiki. Mipira ya breki iliyovikwa wavu wa chuma, isiyovimba ukikanyaga. Mafuta mapya ya daraja la juu. Nikampelekea Dokta ile karatasi nikamwambia nipe hivi hivi, usiongeze na usipunguze, na safari hii nitakuwa mpole. Dokta akatazama karatasi, akanitazama mimi. "Mama anaumwa?" akauliza.

Taratibu alichukua siku tatu, na mimi nilikwenda kila nikitoka kliniki. Niliona diski za zamani zikitoka, zimepinda na kuchubuka, nyembamba kwenye kingo. Niliona mpya zikiingia, zinang'aa, na alizifuta mafuta ya kiwandani kwa kitambaa mara tatu kabla ya kuziruhusu ziguswe na pedi. Kila boliti aliikaza kwa ile spana inayolia tiki ikifika kipimo. Hakuruka hata moja. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikimtazama na nikajisikia fahari, kana kwamba kazi yangu ya siku ile ya miguu mbele ndiyo kwanza inaisha.

Siku ya tatu ilibaki kutoa upepo kwenye mabomba. Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja yuko ndani anakanyaga, mwingine amelala chini kwenye gurudumu anafungua na kufunga kile kijiti cha kutolea hewa. Mtu wa pili alikuwa nani? Mimi. Nikavua viatu nikaingia.

"Kanyaga!" akaita kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachie. Usiachie... usiachie... bado..."

Nikashikilia. Nilisikia mafuta yakipita kwenye bomba la plastiki, yanakoroma na mapovu.

"Haya," akasema.

Nikaachia, nikashusha pumzi kwa raha.

"Mama! Mbona umeachia?"

"Si umesema haya?"

"Haya maana yake nimeona mapovu, nakwenda kufunga! Sasa limevuta hewa yote, turudi mwanzo!"

"Kwetu wodini mtu akiambiwa haya, anapumzika!"

Spana ikaanguka huko chini. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu kilio chake cha kwanza: Taratibu anacheka. Na mimi nikashikwa. Nilicheka mpaka nikalala juu ya usukani, honi ikalia, tukacheka zaidi. Miaka thelathini mimi ndiye ninayesema sukuma, shikilia, usiachie, bado, bado, na kina mama wananitolea macho kana kwamba wanataka kuniua. Leo ndiyo nimelijua lile jicho. Tukapatana maneno mapya, "haya" tukaipiga marufuku, tukaanza upya gurudumu la kwanza. Tulipofika la nne kipedeli kilikuwa juu, kigumu, kimetulia chini ya mguu wangu. Nikakikanyaga mara kumi kwa utamu wake tu.

Kulikuwa na jambo moja la mwisho, na hili ndilo watu wengi hawalijui. Pedi mpya na diski mpya hazijuani. Lazima zizoeshwe. Taratibu akakaa pembeni yangu, tukaenda kwenye ile barabara ndefu ya maghala ambayo mchana haina magari, akanipa masharti: nifike sitini, nikanyage kwa nguvu mpaka kumi, lakini nisisimame. Niachie. Nipande tena sitini. Mara nane. Kisha niendeshe taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe.

"Usifike mwisho," akaniambia. "Ukisimama zikiwa za moto utaziharibu. Bana, halafu achia."

Mara ya tano nilisikia harufu, nikatishika. "Ni kawaida," akasema. "Zinafahamiana." Mara ya nane Nyigu alipokanyagwa alijikita chini kwa magurudumu yote manne, sawasawa, bila kutikisika, mkanda ukanikaza kifuani. Nikapiga kigelegele peke yangu ndani ya gari. Fundi akaziba masikio.

Halafu akanifundisha mlima. Gia ya pili kabla ya kuanza kushuka, injini ishikilie uzito, mguu ukae kando ukisubiri. Breki ni ya kukanyaga kwa sababu, akasema, siyo ya kuegemea. Tuliteremka na kupanda mara sita. Mara ya sita tulifika chini akashuka akagusa rimu kwa kiganja wazi. Hakuutoa mkono.

Jumamosi ikafika. Mkaguzi alikuja saa mbili, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, kadi ya gari mfukoni. Macho mekundu. Mkewe alikuwa ameniambia kwa simu kwamba tangu siku ya mchanga anaamka usiku, anakaa sebuleni, anarudi kulala alfajiri. Nilimwona vile nikatamani kumwambia basi, chukua tu, uza. Nilitamani kweli. Lakini nilijua nikimpa Nyigu kwa huruma, atabaki na woga wake na mimi nitabaki bila gari, na hakuna atakayelala.

"Na mimi nakuja," Redio akasema, ameshatokea. "Kama shahidi." Akajipenyeza kiti cha nyuma ambacho hakikutengenezwa kwa mtu mwenye mwili ule, magoti yakafika kidevuni, akaanza kusali kwa sauti.

Mwisho wa kichochoro, breki zikiwa baridi kabisa, nikasimama. Gari likatulia hatua tatu kabla ya kreti. Mwenye duka, aliyekuwa ametoka mbio kuziondoa, akabaki na moja mkononi.

"Hapo ni tambarare," Mkaguzi akasema.

Juu ya mlima nikaweka gia ya pili. Akanitazama. "Mbona umepunguza gia?"

"Wewe kagua. Mimi nafanya kazi."

Tukaanza kushuka. Injini ikanguruma, ikalishika gari. Hatua mia mbili hivi akasema, "Simama." Nikasimama. Akasema twende. Chini kidogo, penye kona, "Simama." Nikasimama. Mara ya tatu aliisema ghafla, katikati ya sentensi ya Redio, na Nyigu akasimama kabla Redio hajafika kwenye nukta. Mkaguzi akashusha kioo akanusa nje. Hakukuwa na harufu ya kitu. Akakipandisha, lakini mkono wake mmoja bado ulikuwa umeng'ang'ania mlango.

Tulikuwa tumebakiza robo ya mteremko ndipo lile la kweli likaja. Kutoka barabara ya pembeni ukatoka mkokoteni umejaa matikiti, hauna mtu. Mwenyewe alikuwa nyuma yake anakimbia, mikono mbele, anapiga kelele. Ulinishukia pale pale mbele ya pua, mpana kama mlango. Hapakuwa na wa kusema simama. Nilikanyaga. Kifua kikagonga mkanda, Redio akagonga mgongo wa kiti changu, na Nyigu akashika barabara. Hakuyumba kushoto wala kulia. Mkokoteni ukapita mbele yetu kwa mwendo wake, ukagonga ukingo wa mtaro, ukapinduka, na matikiti yakaanza kuteremka mlima moja baada ya jingine.

Kati ya boneti na lile tikiti la kwanza palikuwa na nafasi ya mtu kupita na beseni.

Nikamtazama mwanangu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu ya gari, goti limenyooka, msuli umesimama. Miaka ishirini kijana huyu amekuwa akikanyaga breki zisizokuwepo. Akautazama mguu wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akauvuta taratibu. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaenda nyuma ya gari kutafuta alama za matairi barabarani. Hakuzikuta. Akapima kwa hatua kutoka boneti hadi pale mkokoteni ulipopita. Akarudi akapima tena. Akamsaidia yule bwana kuinua mkokoteni, akarudi, akaketi, akafunga mkanda.

"Halikuyumba," akasema.

"Halikuyumba," nikamjibu.

"Twende."

Ni hivyo tu! Nilitaka anisifu. Nilitaka azungumze mpaka kesho, aombe radhi, aite ukoo. Hakusema kitu kingine, na mimi nikajizuia kuuliza, jambo ambalo waliokuwepo wanaweza kulithibitisha kwa sababu si la kawaida yangu. Tukamaliza mteremko. Tukaingia barabara ya bondeni, tambarare, jua limeshapanda, magari machache. Nyigu alikuwa anakwenda kwa sauti ya chini. Hata Redio alikuwa amenyamaza, anatafuta kiatu chake.

Karibu na kituo cha mafuta nikahisi uzito begani kwangu. Nikageuza macho kidogo. Kichwa cha mwanangu kilikuwa kimeinama upande wangu, mdomo wazi, mikono imelala mapajani, miguu imenyooka mbele imelegea kabisa. Mtu mzima wa bima, anakoroma ndani ya gari linalokwenda. Nilifurahi. Sina neno jingine. Nilifurahi mpaka barabara ikaanza kunichezea machoni ikabidi nipepese.

Geti la kliniki likatokea. Mteja alikuwepo pale, amevaa vizuri, ameshika bahasha, na alipotuona akashuka kwenye ukingo akapunga mkono. Sikugusa breki. Nilimpungia na mimi, kwa adabu, nikapita.

Redio akapandwa na wazimu huko nyuma. "Wifi! Wifi, umepita! Mteja yule pale! Geti lile! Mbona husimami? Mungu wangu, zimekufa tena?"

"Punguza sauti," nikamwambia. "Mtoto amelala."